Kurekebisha vali za trekta dogo la mvuke: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Karakana yangu iko Nyakato, Mwanza. Tangu niliweke trekta dogo la mvuke kwenye benchi karibu na mlango, haipiti wiki bila mtu kusimama na kuuliza. Wapo wanafunzi wa ufundi, wapo mafundi wa injini za mitumbwi kutoka Kirumba, na wapo waliokwisha kuanza kujenga la kwao. Hawa wa mwisho hurudi na lalamiko lile lile: "Fundi, linazunguka, lakini linachechemea." Mara nyingi ugonjwa uko kwenye vali, na mara nyingi mwenye trekta ameshagusa vitu viwili kwa pamoja, hajui tena kipi kilikuwa sawa. Majibu yangu ni haya.

Trekta la mvuke ni kitu gani hasa?

Ni mashine ya magurudumu iliyofanya kazi za shamba na barabara Uingereza katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: kukokota mizigo, kuzungusha mashine za kupura ngano kwa mkanda, kuvuta majembe. Watengenezaji wakubwa walikuwa kama Fowler wa Leeds, Burrell wa Thetford, na Aveling & Porter wa Rochester. Silinda imekaa juu ya boila upande wa mbele, na krenki, yaani shafti yenye kombo inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, iko nyuma, juu ya tanuri. Shika picha hiyo ya silinda mbele na krenki nyuma, maana tutaihitaji. Hapa chini nikisema "mlango wa mbele" nina maana tundu la mvuke la silinda lililo mbali na krenki, na "mlango wa nyuma" ni lile lililo karibu nayo. Langu ni moja ya sita ya ukubwa halisi.

Trekta langu ni la kununua, silinda yake inabembea. Nirekebishe vali ipi?

Hakuna. Matrekta ya kuchezea kama ya Mamod yana silinda inayobembea, na kule kubembea ndiko kunakofungua na kufunga matundu ya mvuke. Likikosa nguvu, angalia springi inayoibana silinda kwenye uso wake, na usafi wa nyuso hizo mbili. Maswali yanayofuata ni ya mwenye silinda isiyosogea na vali ya kuteleza.

Vali ya kuteleza inafanya kazi gani?

Fungua kifuniko cha boksi la mvuke ubavuni mwa silinda. Utaona kipande kidogo cha shaba nyeusi, kama kopo lililofunikwa kifudifudi, kikikaa juu ya uso wenye matundu matatu. Tundu la mbele linapeleka mvuke mbele ya pistoni, la nyuma linaupeleka nyuma yake, na la katikati ni ekzosi. Vali ikisogea nyuma, ukingo wake unafunua mlango wa mbele, mvuke unaingia, na pistoni inasukumwa kuelekea krenki. Wakati huo huo tumbo la vali linaunganisha mlango wa nyuma na ekzosi, na mvuke uliokwisha kazi unatoka. Vali ikisogea mbele, mambo yanageuka.

Kwa hiyo mlango wa mbele hufunguka vali ikienda nyuma. Vijana wengi hukosea hapo, wakageuza nati upande usio wake jioni nzima.

Lapu na lidi ni nini?

Iweke vali katikati kabisa ya mwendo wake. Kingo zake za nje zitapita kingo za milango kwa kiasi fulani kila upande. Kiasi hicho ndicho lapu. Kazi yake ni kukata mvuke kabla pistoni haijafika mwisho, ili mvuke ulioingia umalizie kusukuma kwa kutanuka. Bila lapu injini itazunguka, ila itakula maji na moto bila huruma.

Lidi ni ule upenyo mwembamba ambao mlango unakuwa umeshafunguka pistoni inapofika mwisho wa mwendo wake. Kwenye trekta la ukubwa wa langu natafuta lidi ya 0.2 milimita. Lapu huchongwa kwenye vali yenyewe, huwezi kuibadilisha kwa spana. Lidi ndiyo tunayoipanga.

Nianzie wapi?

Kama utasoma jibu moja tu, soma hili.

Vali inaweza kukosea kwa namna mbili. Kosa la kwanza ni la urefu: fimbo inayoishika vali ni fupi au ndefu mno, kwa hiyo vali haibembei sawasawa juu ya milango. Mlango mmoja unafunguka sana, mwingine kidogo. Kosa la pili ni la wakati: ekisentriki, yaani kisahani kilichotobolewa kando ya kitovu chake, kinachozunguka na shafti na kuipa vali mwendo, imefungwa kwenye shafti kwa pembe isiyo sahihi, kwa hiyo milango yote miwili inafunguka mapema mno au imechelewa.

Urefu unarekebishwa kwenye nati ya vali. Wakati unarekebishwa kwenye ekisentriki. Nati haiwezi kuponya kosa la wakati, na ekisentriki haiwezi kuponya kosa la urefu. Ukijaribu, utapata upande mmoja unaoridhisha na mwingine ulioharibika zaidi. Anza na urefu, uumalize kabisa, kisha ndipo uguse ekisentriki. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kupiga tupa ukingo wa vali nzima nikidhani ni nene upande mmoja. Nikamaliza lapu yote, na ikanibidi nichonge vali mpya. Kosa lilikuwa nusu mzunguko wa nati.

Nitajuaje kosa langu ni la urefu au la wakati kabla sijafungua chochote?

Sikiliza. Silinda moja inayosukumwa pande zote mbili inatoa midundo miwili kwenye ekzosi kwa kila mzunguko wa flaiwili, lile gurudumu zito la kwenye shafti. Ikiwa mdundo mmoja ni mzito na wa pili mwepesi, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja, na hali ni hiyo hiyo ukienda mbele au ukirudi nyuma, huo ni urefu. Ikiwa midundo inalingana lakini injini ni nzito na haina nguvu, wakati umechelewa. Ikiwa inagonga na kutaka kurusha flaiwili kinyume unapoiwasha, wakati umetangulia mno.

Usitafute usawa kamili wa midundo. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, huinama injini inapozunguka, na kuinama huko kunafanya pistoni isafiri zaidi katika nusu ya mzunguko iliyo upande wa mbele kuliko iliyo upande wa nyuma. Lidi zikilingana, ukataji wa mvuke utatofautiana kidogo pande mbili. Hiyo ni hesabu ya maumbo, wala si kosa la mkono wako.

Urefu unapimwaje?

Ondoa kifuniko cha boksi la mvuke. Zungusha flaiwili polepole mpaka mlango wa mbele ufikie kufunguka kwake kukubwa, kisha pima kutoka ukingo wa nje wa mlango hadi ukingo wa vali. Endelea kuzungusha upande ule ule, upime na wa nyuma.

Tuseme mbele umepata milimita 2.7 na nyuma 2.1. Tofauti ni 0.6, na vali inatakiwa isogezwe nusu yake, yaani 0.3. Mlango wa mbele ndio unaozidi, maana yake vali imekaa nyuma mno. Isogeze mbele.

Kama spindeli, ile fimbo inayoishika vali, ina uzi wa M3, kila mzunguko mzima ni milimita 0.5. Lakini kwenye trekta nyingi nati ni ya mraba na imekaa kwenye mfereji mgongoni mwa vali, haizunguki. Unachozungusha ni spindeli baada ya kuichomoa pini kwenye uma wake, na uma hukubali nusu mzunguko tu kwa kila hatua, yaani 0.25. Basi zungusha nusu. Sasa mbele itasoma 2.45 na nyuma 2.35. Hiyo inatosha. Sijaona injini ya ukubwa huu inayojua tofauti iliyobaki.

Angalia jambo moja ukiwa hapo. Vali isibanwe na nati. Lazima iweze kunyanyuka kidogo kutoka kwenye uso wake kwa kidole. Maji yakijikusanya ndani ya silinda, vali inanyanyuka na kuyapa njia, kisha mvuke wenyewe unairudisha na kuikandamiza. Vali iliyobanwa itavuja siku zote hata ukiisaga vipi.

Mwisho wa mwendo wa pistoni nitaujuaje kwa hakika?

Sio kwa macho. Karibu na mwisho, krenki inazunguka nyuzi kadhaa huku pistoni kama imesimama, na nyuzi hizo ndizo zinazoharibu kazi. Funga waya mgumu kwenye fremu ncha yake ielekee ukingo wa flaiwili. Simamisha pistoni ikiwa bado na milimita kama 5 kufika mwisho, chora alama kwenye fimbo ya pistoni inapoingilia silinda, na alama nyingine kwenye flaiwili penye waya. Pita mwisho, endelea hadi fimbo irudi kwenye alama ile ile, chora ya pili kwenye flaiwili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo mwisho halisi ulipo. Rudia kwa upande wa pili.

Na kila unapokaribia alama, njoo kutoka upande ambao injini huzungukia ikiwa kazini. Ukiipita, rudi nyuma robo mzunguko uje upya. Kila pini na kila tundu vina mchezo kidogo, na ukirudi kinyume unapima mchezo badala ya vali.

Ekisentriki ikae wapi?

Kwa vali ya kuteleza isiyopitia mkono wa kubembea unaogeuza upande wa mwendo wake, ekisentriki inaitangulia krenki kwa nyuzi 90 na ziada, kufuata upande wa mzunguko. Ziada hiyo inatokana na lapu na lidi. Jumlisha lapu na lidi, gawa kwa nusu ya mwendo wa vali, kisha tafuta pembe ambayo sini yake ni jibu hilo.

Mfano wa langu: lapu ni 1.5, mlango una upana wa 2.5, kwa hiyo nusu ya mwendo ni 4.0, na mwendo mzima ni milimita 8. Lidi ni 0.2. Chukua 1.7 gawa kwa 4.0, unapata 0.425, na pembe yake ni nyuzi 25 hivi. Ekisentriki inatangulia krenki kwa nyuzi 115. Kwa vipimo hivyo mvuke unakatwa pistoni ikiwa imekwenda takriban asilimia 84 ya mwendo wake. Trekta hubeba mizigo na kuanza kilimani, kwa hiyo ukataji wa kuchelewa unalifaa.

Hesabu inakupa pa kuanzia, vali ndiyo inayoamua. Weka pistoni mwisho wa mbele, legeza skrubu ya ekisentriki, izungushe upande wa mwendo wa injini mpaka mlango wa mbele uanze kufunguka kwa 0.2, kaza. Peleka pistoni mwisho wa nyuma, pima. Kama urefu uliumaliza vizuri, utakuta 0.2 au jirani yake. Kama hukuti, usiguse ekisentriki. Rudi kwenye nati.

Sina fila geji, vile vibati vya kupimia upenyo. Nipimie nini?

Kata ubavu wa kopo la soda la alumini. Unene wake ni takriban 0.1, hivyo vipande viwili vikipandana vinakupa 0.2. Ukimudu, nunua fila geji ya pikipiki. Fundi bodaboda anayepanga vali za pikipiki anayo na anaijua. Tochi ya simu inatosha kwa mwanga. Spana ndogo na venia ya plastiki si anasa, na mafundi wa mabati wa Makoroboi, mtaa uliochukua jina la taa za koroboi zilizotengenezwa pale kwa makopo, wanaweza kukukatia bati jembamba la gasketi vizuri kuliko mkasi wako.

Langu lina ekisentriki mbili na linki ya kupinda. Nafanyaje?

Hiyo ni linki ya Stephenson. Ilianza mwaka 1842 kwenye kiwanda cha Robert Stephenson, Newcastle, na waliobuni ni wafanyakazi wake wawili, William Williams na William Howe. Ekisentriki moja ni ya kwenda mbele, nyingine ya kurudi nyuma, na wenzo unachagua ni ipi iongoze vali.

Sukuma wenzo mwisho kabisa mbele, ufanye kazi yote ya urefu na wakati kwa ekisentriki ya mbele. Kisha vuta wenzo mwisho wa nyuma, upime tena. Kama urefu uko sawa mbele lakini haulingani nyuma, usiirudie nati ya vali, maana utavuruga ulichokwisha kukipata. Pima fimbo mbili za ekisentriki: hazilingani urefu. Ekisentriki zenyewe zinatakiwa zikae kwa pembe ile ile, kila moja upande wake wa krenki.

Ukiona huwezi kuzipatanisha mbele na nyuma kabisa, pendelea mbele. Trekta linafanya kazi nyingi likienda mbele.

Na ujue hili: fimbo zikiwa wazi, yaani hazikupishana krenki inapoelekea upande ulio mbali na linki, lidi inaongezeka kadiri unavyouvuta wenzo kuelekea katikati. Ndiyo maana wenye linki huacha lidi ndogo sana wenzo ukiwa mwisho. Fimbo zilizopishana hufanya kinyume. Kabla hujafungua, piga picha uone zako zilivyopita.

Nimepanga vizuri likiwa baridi. Likipata moto linachechemea tena. Kuna uchawi gani?

Hakuna uchawi, boila imerefuka. Rudi kwenye ile picha: silinda mbele, krenki nyuma, na kilichoziunganisha ni boila yenyewe. Kwa bari 4 kwenye geji, mvuke una joto la takriban nyuzi 150. Ukianza na asubuhi ya Mwanza ya nyuzi 25, boila imepanda nyuzi 125. Chuma kinatanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo milimita 250 za chuma zinaongezeka karibu 0.37. Boila ya shaba nyekundu inatanuka zaidi, karibu 0.53. Fimbo za vali nazo hupata joto, ila pungufu. Lidi yako ilikuwa 0.2 tu!

Silinda imesogea mbele, vali imeshikwa na fimbo nyuma. Ni sawa na kuisogeza vali nyuma: mlango wa mbele unazidi kufunguka, wa nyuma unapungua au unakosa lidi kabisa. Kwa hiyo likiwa baridi, liache na kosa la makusudi upande wa pili. Mimi huiacha vali mbele kwa 0.1 hadi 0.15 kuliko katikati halisi, nawasha moto, nasikiliza, halafu napoza na kusahihisha. Mara ya kwanza usiamini namba zangu, tafuta zako, maana kila boila na urefu wake.

Naweza kujaribu kwa kompresa ya fundi pancha?

Ndiyo, na ni vizuri kuliko kuanza na moto. Mwombe afungulie kidogo tu, paundi 15 zinatosha kwa injini iliyo huru. Injini inayohitaji paundi 40 ili izunguke bila mzigo ina tatizo la kubana, vali haitalitibu. Upepo unakusaidia pia kupanga lidi ukiwa na kifuniko kimefungwa: fungua vikoki vya kutolea maji kwenye silinda, peleka pistoni polepole kuelekea mwisho, na kikoki cha upande huo kianze kupuliza kidogo tu kabla ya alama. Ila upepo haupashi boila joto, kwa hiyo hautakuonyesha lile la kurefuka.

Mvuke unatoka ekzosi hata injini ikiwa imesimama.

Uso wa vali haujalala. Weka msasa wa maji, laini kabisa, juu ya kioo kinene, tia matone ya oili, usage vali kwa mzunguko wa namba nane. Uso wa silinda usage kwa kibao kilichonyooka, kamwe usisage kwa vali yenyewe. Safisha kila chembe. Kama bado, pistoni inapitisha.

Oili gani?

Oili nzito ya silinda za mvuke. Oili ya injini ya gari inaoshwa na mvuke, na vali ikikauka inajichana uso kwa safari moja.

Naweza kurekebisha moto ukiwaka?

Hapana, mwanangu. Geji isome sifuri, koki ya mvuke ifungwe, giya itolewe, gurudumu liwekewe jiwe mbele na nyuma. Injini yenye mvuke uliobaki inaweza kuruka nusu mzunguko ukiwa na vidole ndani ya linki. Na boila mpya isiwashwe kabla ya kujaribiwa kwa maji baridi, imejaa bila hewa, kwa shinikizo mara mbili ya lile itakalofanyia kazi. Wajenzi wa Uingereza hufanya hivyo, na majaribio ya baadaye huyafanya kwa mara moja na nusu. Usijaribu kwa upepo: boila ikipasuka ikiwa na maji inatiririka, ikiwa na upepo inalipuka.

Huku kwetu naweza kuona wapi vali kubwa za kweli?

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na treni zake zilivutwa na mvuke, lakini za kuziona leo kwa utulivu ziko jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Iko pale injini nambari 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima wetu ulio karibu na Ziwa Natron. Mfumo wake wa vali ni wa Walschaerts, mbunifu Mbelgiji wa mwaka 1844, na upo nje ya magurudumu: unaweza kufuata kila fimbo kwa kidole.

Nikishapata, nifanye nini isipotee?

Piga alama ndogo ya senta panchi kwenye ekisentriki na nyingine kwenye shafti, zikitazamana. Andika kwenye daftari lidi ya mbele na ya nyuma likiwa baridi, na idadi ya nyuzi za spindeli zinazoonekana nje ya uma. Skrubu ya ekisentriki iwe na kishimo chake kwenye shafti, lakini kitoboe baada ya kulipasha moto mara mbili tatu na kuridhika, si kabla.